Pua Moja Yaumwa, Pua Mbili Zaoshwa

Tata Kalenga, infirmie, yaani muuguzi, wa dispanseri yetu hapa Dilala, Kolwezi, ameniomba niandike haya ili akina mama wanaoleta watoto wenye pua za kukimbia wasomewe wakati wanangoja kwenye benchi. Alisema niandike vizuri, kama insha ya shule, na niache michezo. Nikamjibu ndiyo tata. Basi kama uko kwenye lile benchi, na mtoto wako anapumua kwa mdomo kama samaki aliyetupwa nje ya ndoo, sogea kidogo unipe nafasi. Benchi hilo nalijua. Jihadhari na msumari wa upande wa kushoto. Umeshika sketi yangu mara nyingi kuliko mvulana yeyote.

Mimi ni Kabanga. Anayejua mambo yetu ameshaelewa kwamba nina pacha, kwamba huyo pacha anaitwa Mbuyi, na kwamba alitangulia kutoka. Kwetu majina ya mapacha hayatafutwi, yanakuja na watoto. Hayo ni majina ya upande wa tata, yaani baba yetu, ambaye asili yake ni Kasai. Mama ni wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu huu huu, na ndugu zake walituita Kyungu na Kabange, kwa hiyo nimekua nikiitika popote pale. Mtaa mzima ulimwita mama yetu Mwa Mbuyi, yaani mama wa Mbuyi. Mimi niliyechelewa kidogo tu mlangoni sikuingizwa kwenye hilo jina. Nikatafuta njia nyingine ya kujulikana. Nikaumwa.

Sheria ya mapacha ni hii: kinachofanyiwa mmoja kinafanyiwa na mwenzake. Nguo mbili, makofi mawili, dawa mbili. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, aliyenyimwa anaweza kukasirika akarudi alikotoka, na kule hakuna anayekujua. Mama aliishika hiyo sheria kuliko amri za kanisa. Nilipochomwa sindano kwenye hopitali ya kampani ya machimbo, Mbuyi aliyekuwa mzima kabisa alivuliwa nyumbani na kuguswa kalio na ncha ya kijiti cha kiberiti. Alikuwa analia kuliko mimi.

Ugonjwa wenyewe hauna hadithi nzuri. Hakuna siku ulipoanza. Nakumbuka tu kwamba watoto wengine walipata mafua yakaisha, yangu yakabaki kama mgeni asiyeuliza bei ya bukari, ugali wetu. Kamasi za manjano, halafu za kijani. Uzito chini ya macho, kana kwamba mtu amenivalisha uso wa mbao juu ya uso wangu. Nikiinama kufunga kiatu, kichwa kinapiga. Midomo ilipasuka kwa kupumulia mdomo. Usiku nilikoroma kiasi kwamba tata, aliyekuwa fundi wa umeme kwenye machimbo, alisema nyumbani kuna mashine ambayo kampani haijaiandikisha. Shuleni waliniita Robine, yaani bomba, kwa sababu bomba la maji la shule lilikuwa limekauka na mimi sikukauka.

Na harufu ilikufa. Hiyo sikuigundua mwenyewe, Mbuyi ndiye aliyeigundua. Alinipitishia bitoyo chini ya pua, yule samaki wa chumvi ambaye akikaangwa nyumba ya nne inajua unakula nini, nami nikiwa nimefunga macho nikasema ni sabuni. Akacheka hadi akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akanipitishia tena.

Kila mwaka mvua zilipokoma na malori yakaanza kutimua vumbi kwenye njia ya Mashamba, tulirudi hopitali ya kampani. Matone ya pua, vidonge, sindano. Mvua ikinyesha nilipata nafuu kidogo, halafu baridi ya mwezi wa sita ikanirudisha kwenye benchi. Nilikua nikipima urefu wangu kwenye ukuta wa chumba cha kungojea. Daktari mmoja alisema labda watatoboa mfupa wa shavu. Mama alimuuliza kwa sauti ndogo kama na yule mwingine atatobolewa. Daktari akafikiri hajaelewa Kifaransa.

Kutoboa hakukufanyika, kwa sababu kampani yenyewe ndiyo iliyotoboka. Machimbo yalinyamaza moja baada ya jingine. Tata alikwenda kazini kukaa. Madaktari wakaondoka, makabati ya dawa yakabaki na vumbi na harufu, walisema, ya panya. Hopitali ikabaki dispanseri tu, na tata Kalenga ndiye aliyebaki pale, akihudumia watu wa kampani na wasio wa kampani. Alinitazama puani na tochi ya kuazima, akamwambia mama dawa zimeisha, imebaki maji na chumvi. Mama alikasirika. Alidhani anafukuzwa kwa adabu.

"Mama, hapana kukasirika," alisema. "Nunua pwari mupya."

Hapa sina budi kueleza, ingawa mama yeyote aliye kwenye benchi ameshaanza kutabasamu. Pwari ni kile kipira chekundu chenye mdomo mwembamba, ambacho kila nyumba ya Kolwezi inacho, na ambacho kila mtoto wa Kolwezi anakikimbia, kwa maana kinaoshea tumbo, na njia ya kwenda tumboni si mdomo. Nilipoona mama anakileta kuelekea usoni mwangu nilimuuliza kama amesahau mimi nimeanzia upande gani. Akaapa ni kipya. Akakifunga uzi mweusi shingoni ili kisichanganyikane na ndugu yake. Hata hivyo nilikinusa kwanza. Bure, bila shaka.

Inafanywa hivi. Maji yanachemshwa hasa, mpaka yaruke, halafu yanaachwa yapoe hadi yawe kama mkono. Chumvi safi ya mezani, kidogo tu. Tata Kalenga alisema uonje: yakiwa na ladha ya machozi, ni sawa, yakiwa kama mchuzi, umezidisha. Mtoto anainama juu ya beseni, anageuza kichwa upande, anafungua mdomo na kusema aaa, na unaminya polepole. Usiminye kwa hasira. Maji yanaingia tundu la juu na kutokea la chini, na usiulize yalipita wapi. Mara ya kwanza unadhani umezama mtoni ukiwa umesimama uani kwenu. Kilichotoka sitakielezea, ila jogoo wetu alikuja kukitazama akaondoka.

Nikajipangusa. Mama akageuka na kikombe cha pili. Mbuyi alikuwa ameshafika kwenye kizingiti cha geti.

Tulifanya hivyo asubuhi na jioni, mmoja baada ya mwingine. Mbuyi alilalamika siku za kwanza tu. Baadaye alikuwa anainama bila kuambiwa, anasema aaa na uso mkavu kama anapokea komunyo. Sikupona kwa wiki, wala sikupona kwa mwezi, na ukimwambia mwenzako kwenye benchi kwamba inaponya upesi utakuwa mwongo. Ila mvua zilipoanza niliamka asubuhi moja nimefunga mdomo. Mbuyi alikuwa ameketi ananitazama. Alisema alishtuka kwa ule ukimya, akadhani nimekufa.

Redio nayo ilikuwa imeanza kusema. Wakubwa walihutubia, vijana wakaimba, na ikawa watu wenye asili ya Kasai waende kwao. Tata alizaliwa Kolwezi. Baba yake aliletwa na kampani akiwa kijana, akazikwa hapa. Kasai tata aliiona kwenye ramani ya shule kama sisi.

Vijana walikuja mchana. Wengine nilikuwa nasoma nao. Mmoja alikuwa yule aliyeniita Robine wa kwanza kabisa. Akasema tuondoke, twende kwetu. Nikamuomba basi anielekeze, maana hata tata hajui njia. Hakucheka. Huyo alikuwa anacheka kila neno langu, hata yale mabaya. Nikaingia ndani nikachukua beseni.

Tukakaa kwenye gare, kituo cha gari la moshi, pamoja na watu wengi waliokuwa wanangoja mabehewa yaliyokuja yanapotaka. Watu walilala kwenye jukwaa, chini ya maturubai, kati ya vitanda vilivyosimamishwa kuwa kuta. Mbuyi alijifunga kitambaa usoni. Kila mtu alisema juu ya harufu. Mimi nilikula vizuri. Nilikuwa naulizwa kama siisikii, nikasema kuna watu wanazaliwa na bahati.

Sikumbuki kuogopa. Nawaambia ukweli kwa sababu wengine wanaosimulia gare wanasimulia kilio. Mimi nakumbuka ule uso wa mbao, na kwamba mbao ilikuwa imefika hadi ndani. Mtoto wa jirani alipofungwa kwenye kitenge akapelekwa kuzikwa, nilikuwa natazama uzi wa pwari, nikifikiri umelegea, ufungwe upya.

Mama hakuacha kuosha. Moto wa kuni, sufuria ndogo, vikombe viwili. Jirani mmoja mwenye mtoto aliyefunga choo alikuja kuazima pwari. Mama, ambaye hajawahi kumnyima mtu chumvi wala kisu, akamnyima. Wakamsema. Wakasema Mwa Mbuyi anaringa na kipira.

Halafu chumvi ikaisha, gare nzima. Na kuni zikawa za kugombania. Ndipo mama alipofanya jambo ambalo, nadhani, mama wa Kolwezi tu ndiye angelifikiria. Alikuwa na kapu la bitoyo kwa ajili ya safari. Akawatikisa samaki juu ya kitenge, akakusanya chembe za chumvi zilizoanguka, akachuja kwa kitambaa, akaziweka kwenye maji ambayo yalipata moto bila kuruka. Akaonja. Akasema ni kama machozi.

Mimi sikusikia kitu. Mbuyi, mwenye pua ya mbwa wa polisi, alisimama wima kama amepigwa na waya. Siku zile zote alitembea na bitoyo kichwani. Akila bukari ni bitoyo, akinywa maji ni bitoyo. Nilimwambia paka wote wa gare wanamposa. Tata alicheka, ndiyo mara ya mwisho nakumbuka amecheka pale. Na mama aliendelea kutikisa kapu.

Kisha jicho langu la kulia likavimba. Asubuhi lilikuwa zito, mchana likafunga, jioni ngozi yake ilikuwa nyekundu na ngumu kama nyanya, na mwili ukawaka. Tata alinibeba mgongoni hadi dispanseri, kwa njia za nyuma. Tata Kalenga hakutumia tochi. Alifungua jicho kwa vidole, akaniambia nitazame kushoto, nitazame kulia, akapumua. Alisema usaha wa pua umeelekea kwenye jicho, na kutoka kwenye jicho njia ya kwenda kwenye ubongo ni fupi. Alikuwa na sindano chache alizozificha. Nichomwe kila siku, hapa hapa. Nikipanda behewa la wazi, jicho litapotea, na labda si jicho peke yake.

Mama alimuuliza kama ni chumvi. Alisema inaweza kuwa moshi, inaweza kuwa vumbi, inaweza kuwa maji, gare ni gare. Mama alisikia chumvi tu. Tangu hapo hakuigusa pwari tena.

Dada yake mkubwa, mama mukubwa Monga, ni mjane anayeishi huku Dilala. Alikuja gare amevaa nguo ya misa ili asisumbuliwe njiani. Alisema atanichukua. Nilidhani sheria inajulikana, kwa hiyo nikamwambia Mbuyi akusanye vitu vyake. Watu wakubwa wakatazamana.

"Bapasa bawili kila muntu anabajua," alisema mama mukubwa, akimaanisha mapacha. "Bakiona moja, ni mutoto wa dada yangu, ni Kabange. Bakiona bawili, ni batoto ba ule fundi wa Kasai, banakuja ku mulango."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumejulikana tangu siku ya ngoma za kuzaliwa kwetu. Hata waliotufukuza walikula kwenye sherehe ile.

Mama alibaki ametazama mikono yake. Angeweza kukaa, yeye ni wa Katanga. Lakini kulikuwa na tata, kulikuwa na wadogo zetu, na kulikuwa na Mbuyi. Aliniambia jambo moja tu. Alisema, "Kama unakasirika, unikasirikie miye. Hapana kukasirikia mwenzako." Alisema kama anavyozungumza na mapacha, yaani kwa adabu, kwa sababu sisi tunaweza kurudi tulikotoka.

Pwari ilikuwa moja. Mbuyi aliifunga uzi vizuri akaniwekea mkononi. Nikamwambia angalau yeye sasa amepumzika na beseni.

"Juu ya nini?" alisema. "Siku zote niliosha bila kugonjwa. Nitaacha leo?"

"Utaosha na nini?"

"Na mukono."

Nikamwambia kama Kasai kuna wanaume wazuri aniwekee mmoja. Akasema atachukua wawili, ndiyo sheria. Uso wake ulikuwa mkavu, kama pale kwenye beseni. Gari lilikuja mapema kuliko tulivyodhani, watu wakapanda juu ya vitu na juu ya watu. Jicho moja lilikuwa limefungwa. Niliona nusu ya gari la moshi, na kwenye hiyo nusu Mbuyi hakuwemo.

Sindano za tata Kalenga zilinikuta asubuhi zote za mvua zile. Nilikaa ndani, kwenye chumba cha nyuma, nikiwa Kabange. Jicho lilifunguka kidogo kidogo, kama mlango wa mtu asiyemjua anayebisha. Sikulia, na mama mukubwa aliniangalia kwa wasiwasi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya jicho. Tulipoanza tena kuosha pua, na chumvi safi aliyoipata parokiani, alichemsha maji mengi. Akajaza vikombe viwili. Cha kwanza kikaingia kwenye pwari. Cha pili alikichukua na mikono yote miwili, akatoka mlangoni, akakimwaga chini polepole, upande lilikoelekea gari la moshi. Akarudi, akakiosha kikombe, akakigeuza kikauke.

Ikawa hivyo kila siku. Majani hayakuota pale mlangoni, chumvi iliyaua.

Baridi ikaja, ikapita, na mimi sikurudi kwenye benchi. Nilirudi shule, nikavuka darasa. Na katikati ya vumbi, wakati ambao kila mwaka ulikuwa wangu wa kuumwa, nilikuwa mezani na daftari la hesabu, nikainua kichwa. Kuna kitu kilikuwa kimeingia chumbani. Kikali, cha chumvi, kichafu kidogo. Nilizunguka nyumba nikikitafuta. Mama mukubwa alikuwa jikoni anakaanga bitoyo.

Alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Mimi nilisimama na pua juu ya sufuria. Nilikuwa nawaza kwamba hii ndiyo Mbuyi alitembea nayo kichwani gare nzima, na mimi nilikuwa nacheka.

Tata Kalenga alinitazama, na tochi yake mwenyewe sasa, akasema pua ni nzima. Nioshe nikipata mafua, au vumbi likizidi. Kila siku si lazima tena. Nilikuwa nimeshapanga kukitundika kipira ukutani kama kichwa cha mnyama.

Ila kabla ya hapo alikuja mtu wa reli, wa kwanza kutuletea habari kwa mdomo. Alisema wamefika, wako Mwene-Ditu, kule Kasai, tata anatengeneza redio za watu, mama amekonda. Akaniangalia sana. Akasema pale kwao kuna msichana mwenye sura hii, ambaye kila asubuhi anainama juu ya beseni uani na birika la chai puani, na watoto wa jirani wanasimama kumcheka. Mama yake alimwambia chumvi ni ngumu kupatikana, aache, pua yake haina kitu. Alijibu ataacha siku mwenzake akipona. Mtu wa reli alidhani ni kichaa kidogo, kwa upole. Hajapita tena huku tangu siku ile, na sijapata mwingine anayekwenda.

Kwa hiyo pwari haiko ukutani. Kila asubuhi kabla ya shule nachemsha maji, yaruke hasa, naacha yapoe, naonja. Ladha ile naijua sasa, hata kwa njia nyingine. Naosha pua isiyoumwa, kwa sababu kule kuna pua nyingine isiyoumwa inaoshwa, na mmoja akiacha peke yake si sheria. Kikombe cha pili mama mukubwa ananiachia nikimwage mwenyewe.

Wewe wa kwenye benchi, mwoshe mtoto wako, na usiminye kwa hasira. Kama ni mapacha, usimwache mwingine nyumbani. Na kama kuna ndugu yako anayepanda gari la Mwene-Ditu, amtafute msichana mwenye birika puani. Amwambie Kabanga amepona, amesikia bitoyo. Asimwambie aache. Tutaacha pamoja, kwenye beseni moja.